Aliyenawa Kabla ya Wenzake

Mimi hula kwa mkono wa kushoto. Naanza na hilo kwa sababu ndilo watu huliona kwanza, kabla hawajaona mvi zangu wala kuuliza jina. Juzi nilikuwa katika moja ya hoteli hizi mpya za barabara kuu, zile za vioo, zenye televisheni ukutani na vijana waliovaa tai wanaobeba sahani moja moja kama wamebeba mayai. Nikaagiza wali na nyama ya mbuzi. Kijana akaleta uma na kijiko, nikavisukuma kando, nikanawa, nikaanza kula. Meza ya pili walikuwa wamekaa vijana watatu wa bodaboda. Mmoja akasema, bila hata kushusha sauti, "Cheki huyu buda. Anakula na mkono ya choo." Mwenzake akamjibu, "Wacha mzee, pengine ni Mzungu wa kule jangwani Merti." Wakacheka. Nikatoa mkono wangu wa kulia chini ya meza, nikauweka kando ya sahani wauone vizuri: kidole gumba kipo, cha shahada kimebaki nusu, vingine havipo, na kiganja kimejikunja kama jani lililokauka. Yule wa kwanza akakohoa, akasema, "Pole, mzee wangu. Ni ajali?" Nikamwambia, "Hapana. Ni hoteli."

Hakuelewa, na mimi sikumweleza, kwa sababu simu yangu ililia wakati huo huo na alikuwa Zeinab, binti wa Mama Khadija. Zeinab huniita abti, mjomba kwa Kisomali, ingawa damu yetu si moja. Akasema, "Salaam aleikum, abti. Mama ametuacha leo asubuhi." Nilitaka kusema maneno yanayosemwa, sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea, lakini mdomo ulikuwa umejaa wali. Kijana wa tai akaja kuuliza kama chakula kina kasoro. Nikamwambia hakina. Nikalipa, nikatoka nje kwenye jua, na mwaka ule nilipopoteza vidole ukanifuata nyuma wote, kama mbwa anayemjua mwenye wake.

Shule niliacha darasa la nne, na kuandika naandika kwa mkono huo huo wa kushoto, kwa hivyo nisitafutiwe lugha nzuri. Nimesikia wasomi wakizungumza habari za mwaka ule kwenye redio. Wao husema makabila: kabila hili lilishambulia lile, lile likalipiza. Wanasema kama watu wanaosimulia mvua. Mimi nilikuwa mezani. Kabila halina kiganja cha kushikia panga, na halina koti la kupangusia maji. Mimi nina majina. La kwanza ni Dida Koti. La pili ni Halake wa Petroli. Wote wawili ni watu wa kwetu, Waborana kama mimi, na nasema hivyo ili mtu asinidhanie nasingizia jirani. Polisi nitawaacha. Hawakuja, na mtu asiyekuja sina jina lake.

Mwaka ule lami ilikuwa bado inaishia Isiolo. Ukipita kizuizi, mbele ilikuwa vumbi tupu mpaka Moyale, na kila lori lililotoka huko lilisimama hapa ili watu wanawe vumbi na kula. Ndiyo maana mji wetu ulikuwa mji wa hoteli. Ukitembea asubuhi ungejua uko mtaa gani kwa pua peke yake: hapa anjera, ile mikate laini ya Kisomali, inachomwa, pale supu ya kichwa, kule maziwa ya ngamia yanachemka na tangawizi. Mimi na wenzangu tulikuwa wapakiaji wa mifugo. Kazi yetu ilikuwa kupandisha ng'ombe na mbuzi kwenye malori ya Nairobi, ng'ombe mmoja watu wawili, mmoja pembeni na mwingine mkiani, na ukikosea unapigwa teke la kifua. Tulilala kwenye vyumba vya kukodi mtaa wa Chechelesi, na jiko hatukuwa nalo. Mwanaume wa kwetu akionekana ameshika mwiko hata mbuzi wanamcheka. Kwa hivyo chakula chetu chote kilikuwa cha hoteli, na hoteli yetu ilikuwa moja tu.

Hoteli ya Mama Khadija ilikuwa nyuma ya soko, nyumba ya mabati iliyopakwa kijani mpaka kiunoni na nyeupe juu, ingawa ule weupe ulikuwa umegeuka rangi ya chai kwa moshi. Mbele kulikuwa na meza ndefu na mabenchi. Nyuma ya pazia kulikuwa na chumba cha familia, ambako wanawake walikula bila kutazamwa. Kabla ya kula uliletewa jagi na beseni pale pale ulipokaa. Baada ya kula ulienda mlangoni mwenyewe, kulikokuwa na pipa lenye mfereji na kipande cha sabuni ya bluu kilichofungwa kwa kamba kisiibiwe. Pipa hilo lilitazama barabara. Mtu akinawa, mtaa mzima ulijua fulani ameshiba. Nataka ulikumbuke pipa hilo.

Mama mwenyewe alikuwa mwanamke wa Kisomali, mnene, mwenye sauti ya kuita watu mbali, mjukuu wa wale askari wa zamani wa Mwingereza waliotoka ng'ambo ya maji wakaambiwa Isiolo sasa ndio kwao. Kwa babu yake alirithi amri moja na aliishika kuliko wengine wanavyoshika dini. Amri yenyewe ilikuwa hii: wanaokula sinia moja wananyanyuka pamoja. Aliyeshiba mapema anangoja. Anaweza kuchezea mfupa, anaweza kupiga hadithi, lakini kunyanyuka hanyanyuki mpaka wa mwisho alambe vidole, kwa sababu ukinyanyuka umemwita mwenzako mlafi mbele ya watu. Siku moja dereva mgeni alisimama akaelekea kwenye pipa huku mwenzake bado ana tonge mkononi. Mama alimfuata na mwiko. "Warya, wewe! Sinia si kiti cha kinyozi, eti ukimaliza unatoka. Rudi ukae!" Na jitu lile, refu kama nguzo, lilirudi likakaa.

Sinia letu lilikuwa la watu wanne. Mimi. Mwenda, Mmeru, dereva wa lori la kabichi, ambaye alijichora msalaba kifuani wakati sisi tukisema bismillahi, kisha akawa wa kwanza kufikia nyama. Dida Koti, broka, yaani dalali wa mifugo, aliyevaa koti zito jeusi hata jua likipasua mawe, na aliyekuwa na ulimi mtamu ambao ungeweza kumuuzia mtu mbuzi wake mwenyewe. Na Ekal.

Ekal alikuwa Mturkana, mpakiaji mwenzangu. Yeye ndiye aliyeshika mkia na mimi pembeni, na katika kazi ile unamjua mtu kwa mgongo wake. Alikuwa na nguvu za kuinua fahali lakini alikula kama bibi mzee. Meno mawili ya chini yalitolewa utotoni kwa desturi ya kwao, na juu ya hayo alipenda kuongea, basi tonge lilikaa hewani kati ya sinia na mdomo mpaka likapoa. Halafu kulikuwa na mambo ya ndizi. Kwa Mama Khadija wali ulikuja na ndizi mbivu juu yake, kama wanavyokula Wasomali, unamega ndizi unamega wali. Siku ya kwanza Ekal alitazama sinia, akaita, "Mama, ndizi yako imeanguka ndani ya chakula." Hoteli nzima ilicheka mpaka mtu akamwaga chai. Baadaye aliipenda, lakini hakukubali kuichanganya. Aliiweka kando, akala wali wote, kisha akaimenya mwishoni pole pole kama mtu anayefungua zawadi. Na sisi tunangoja.

"Ekal," Mwenda angesema, "ukimaliza hiyo ndizi kabichi zangu zitakuwa zimeota mizizi kwa lori."

"Si uende basi."

"Niende Mama anipige na mwiko? Kula, bana. Kula tuzeeke."

Na Dida, hili lazima niliseme kwa sababu ni kweli na kwa sababu ndilo linaloniuma, Dida ndiye aliyemlisha. Nyama ikija, aliichambua kwa vidole, mbavu zenye mafuta akazisukuma upande wa Ekal. "Chukua mbavu wewe. Wewe unabeba ng'ombe, mimi nabeba maneno tu." Kwetu kumsukumia mtu nyama nzuri upande wake si jambo dogo. Ni kumwambia maisha yako yana thamani mbele yangu. Alifanya hivyo mchana baada ya mchana. Nimejaribu miaka mingi kukumbuka kama tabasamu lake lilikuwa na kasoro, na silioni. Lilikuwa tabasamu la mtu anayempenda mwenzake.

Kisha mvua ikakosa. Watu walianza kushuka kutoka Korbesa na huko juu wakiwa na ng'ombe wanaotembea kama vitanda, mifupa na ngozi tu. Wezi wa mifugo wakaongezeka. Kila asubuhi kulikuwa na habari ya boma lililovamiwa, na kila habari ilikuja na jina la kabila limeshafungwa juu yake kama kengele. Mtu akauawa kisimani. Mwingine akauawa kwa ajili ya huyo. Na hoteli za mji, ambazo zilikuwa za njaa tu, zikaanza kuwa na kabila. Hakuna aliyetangaza. Uliona tu kwamba pale kwa supu ya kichwa sasa wanakaa watu wa namna moja, na mgeni akiingia vijiko vinasimama. Watu wakaacha kukaa wakiwa wameupa mlango mgongo. Mwenda alikula na sisi mara ya mwisho akiwa amesimamisha lori na injini inanguruma. "Nitarudi mambo ikipoa," akasema. Hata hivyo alimngoja Ekal amalize ndizi kabla hajaondoka. Namshukuru Mwenda kwa hilo mpaka leo.

Mama Khadija peke yake alikataa. Alisimama mlangoni na mwiko wake, na mtu akiuliza ndani kuna nani alijibu, "Kuna wenye njaa. Wewe una njaa? Ingia. Huna? Pita."

Halake wa Petroli alikuwa na pampu ya mafuta na pikapu nyekundu, na alikuwa akisema msikitini na sokoni kwamba mifugo ya wajane wetu inaibiwa na Waturkana na sisi tumekaa kama wanawake. Alfajiri moja tuliitwa kupakia mbuzi nyuma ya uwanja wake. Ekal alikuwa akiwarusha juu mmoja mmoja, ghafla akamshusha mmoja chini tena. Akanionyesha masikio. Yalikuwa yamekatwa upya juu ya alama ya zamani, damu bado mbichi. Alama ile tuliijua wote wawili. Ilikuwa ya mama mmoja mjane wa upande wa Rapsu, Mborana, ambaye siku hizo alikuwa akilia sokoni kwamba Waturkana wamemmaliza. Basi mwizi wa mifugo yetu alikuwa ni mtu wetu, na kila kichwa alichoiba kilimpa faida ya nyama na faida ya chuki.

Ekal alisema atalisema hilo kwenye baraza la amani. Lilikuwa limeitishwa Ijumaa baada ya swala, uwanjani, mbele ya chifu na wazee wa pande zote. Nikamwambia aache mimi niseme, mimi ni wa kwao. Akakataa. "Ukisema wewe watasema unagombana na ndugu yako. Mimi ndiyo nimeitwa mwizi. Wacha mwizi aongee." Na alilisema pale mezani, kwa sauti yake ile ya tonge hewani, na Dida Koti alikuwa amekaa mkono wake wa kushoto anamchambulia mbavu.

Siku mbili hivi kabla ya baraza nilikuwa nakunywa chai kwenye kibanda karibu na pampu ya mafuta. Ukuta wa kile kibanda ulikuwa wa makaratasi ya boksi, ungeweza kusikia mtu akikoroga sukari upande wa pili. Nikasikia sauti ya Halake. "Yule mtu wa ndizi bado anakula kwa yule mama?" Na sauti ninayoijua kama yangu ikajibu, "Bado." Halake akauliza, "Anakula haraka?" Dida akacheka. "Ekal? Unaweza kwenda msikitini, uswali, urudi, umkute anamenya." Wakacheka wote wawili, kisha vikombe vikawekwa chini.

Nilikimbia. Nilimwambia Ekal neno kwa neno, na Mama Khadija alikuwepo. Ekal aliniangalia kama mtu aliyeambiwa mvua inanyesha kutoka chini. "Dida? Galgalo, Dida amenilisha mbavu mwaka mzima. Hiyo alikuwa anacheka tu. Hata wewe si hunicheka?" Mama akasema, "Mtu anaweza kukuibia, anaweza kukudanganya. Lakini mtu mmeingiza mkono sinia moja…" Hakumaliza. Hatukujua namna ya kumaliza maneno hayo, kwa sababu kwetu hayakuwa na upande wa pili. Watu wa Nairobi wangekimbia siku hiyo hiyo. Sisi tulisema: amekula na sisi.

Hata hivyo Mama alikuwa mwangalifu. Kuanzia hapo alimlisha Ekal nyuma ya pazia, kwenye chumba cha wanawake, na mimi pamoja naye. Wanawake walimtania mpaka akaona haya. "Leo tumeletewa bi harusi. Mbona mrefu hivi? Nani atapata kitanda chake?" Na Ekal alijifunika kitambaa kichwani, akatazama chini, akasema kwa sauti nyembamba, "Mahari yangu ni ndizi peke yake." Nilimsikia Mama akicheka huko jikoni, kicheko cha mtu ambaye hakucheka wiki nzima.

Ijumaa tulikuja kula baada ya swala, kabla ya kwenda uwanjani. Tulikuwa tumeshakaa nyuma ya pazia, sinia limeshawekwa chini, Dida Koti akaingia. Alisalimia kila mtu, salaam aleikum, salaam aleikum, akafungua pazia kidogo bila kutazama wanawake. "Mama Khadija," akasema, na macho yake yalikuwa na maji, naapa yalikuwa na maji, "hii ni aibu gani? Mwanaume anajificha na kina mama kama amefanya makosa? Tukae mbele. Mimi nikae na yeye, watu waone. Leo watu wakiona Borana na Turkana kwa sinia moja, nani atainua mkono?"

Mama alimtazama. Kisha akapumua, na nikaona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetuliwa gunia. "Umesema neno la mwanaume," akasema. Akabeba sinia kwa mikono yake mwenyewe, akalipeleka kwenye meza ya mbele, ile iliyo karibu na mlango.

Tukala. Ilikuwa pilau siku hiyo, kwa sababu ya Ijumaa. Dida alichambua mbavu akazisukuma upande wa Ekal. Ekal aliniangalia, akanikonyeza, maana yake unaona? Akaanza kuongea jinsi atakavyosimama mbele ya chifu, kama avue kofia ama abaki nayo. Dida alikuwa akila haraka. Matonge makubwa, hatafuni. Kisha, sinia likiwa bado nusu, akavuta koti lake, akanyanyuka.

Nilisema, "Dida, mbona?" Mama Khadija akaita kutoka jikoni, "Nani huyo amenyanyuka?" Hakugeuka. Alikwenda kwenye pipa mlangoni, akafungua mfereji, akachukua sabuni ya kamba, akanawa. Alinawa mpaka kwenye viwiko, kama mtu wa udhu. Barabara nzima ilimwona. Kisha akapangusa mikono kwenye koti, upande huu na upande ule, akashika njia.

Na sisi tulibaki tumekaa. Hilo ndilo watu hunipigia kelele nikiwaeleza: kwa nini hamkukimbia? Kwa sababu Ekal hakuwa amemaliza. Aliona haya kuachiwa sinia na mtu, akajaribu kula haraka, akasakamwa, akacheka. "Kumbe mimi ni mlafi," akasema. Nikamwambia, "Kula. Mimi nakungoja." Akachukua ndizi yake, akaanza kumenya. Pikapu nyekundu, iliyokuwa ikingoja tu mtu anawe, ilisimama nje, watu wenye mapanga wakashuka. Niliinua mkono wa kulia, huo uliokuwa na wali, nikauweka kati yake na mlango. Zaidi ya hapo sitaandika. Mama Khadija alitoka jikoni na sufuria ya supu inayochemka, akaimwaga juu yao, na ndiyo maana mimi niko hai na wachache wao wana alama shingoni ambazo huzificha kwa vitambaa hadi leo. Kwa Ekal alichelewa. Ndizi ilikuwa imemenywa nusu.

Baraza halikufanyika. Mji uliwaka siku nyingi, na masikio ya mbuzi yakasahaulika. Mama alisema majina yale mawili kwa kila ofisi iliyokuwa na mlango, na mimi nilisema, bandeji mkononi. Tukaambiwa hayo ni mambo ya makabila, wazee watayamaliza. Wazee wakayamaliza kwa kuchinja ng'ombe na kula. Mimi sikuitwa, na kama ningeitwa ningekula kwa mkono gani? Mama alifungua tena hoteli, lakini masinia yote aliyauza. Kuanzia siku hiyo kila mtu kwake alikula sahani yake, ananyanyuka anapotaka. Wateja walisema Mama amekuwa wa kisasa. Halake alikufa kitandani kwake akiwa mzee, na redio ikamwita mpenda amani. Dida alikwenda Makka. Sasa anaitwa Haji Dida. Tumeishi mji mmoja, na nikimwona barabarani yeye huvuka upande wa pili. Mimi hula peke yangu. Nimekula katika kila hoteli ya Isiolo, na hakuna mtu aliyewahi kuningoja nimalize.

Tulimzika Mama Khadija jioni ile ile. Siku ya tatu ikasomwa khitma nyumbani kwake, turubai likafungwa uani, mikeka ikatandikwa. Zeinab mwaka ule wa Ekal alikuwa mtoto wa mgongoni, anajua alichoambiwa na mama yake. Lakini waliokuwa wakipanga watu kwenye mikeka ni vijana, na vijana huwaweka wazee na wazee. Nilikaa. Mtu akasaidiwa kukaa mbele yangu, amezeeka, miguu imevimba, fimbo mkononi. Koti lilikuwa jeupe sasa. Zeinab akatoka na sinia, akatuona tunavyotazamana, akasimama. "Abti," akasema kwa sauti ya chini, "nikuletee sahani?"

Nikasema, "Weka sinia."

Wali, nyama ya mbuzi, na ndizi juu. Wazee wengine wawili wakakaa nasi, watu wema, sina neno juu yao. Tukasema bismillahi. Nikaingiza mkono wa kushoto, na hakuna aliyesema kitu. Dida hakuniangalia. Akichukua wali, nusu ulianguka njiani. Kisha vidole vyake, sijui kama alijua vinafanya nini, vikachambua ubavu wenye mafuta vikausukuma upande wangu. Nikauangalia. Nikala wali wa pembeni yake, pande zote, mpaka ubavu ukabaki peke yake kama jiwe la mto.

Wale wawili walimaliza, wakangoja, mwishowe niliwaambia, "Nyinyi nendeni, Mungu awalipe, huyu atakaa na mimi." Wakaenda. Dida akashika fimbo, akaweka kiganja juu ya goti.

"Kaa, Dida. Sijamaliza."

Watu wa mikeka ya jirani waligeuka. Akakaa. Nilikula punje kwa punje. Uani watu walinawa, wakapeana pole, wakaenda. Mikeka ikaanza kukunjwa. "Galgalo," akasema, "mimi nina sukari. Nataka kwenda haja." Nikaendelea kula. Baadaye akasema, akiongea na sinia, "Halake aliniambia watampiga tu. Asifike baraza. Watampiga tu, basi." Nikachukua ndizi. Ndizi na wali mimi sikuwahi kupenda. Nikaimenya kwa mkono mmoja na meno, pole pole, nikaila yote. Nilikuwa nimefikiri nikifika hapo nitahisi kitu kitamu. Nilihisi ndizi tu. Mbele yangu kulikuwa na mzee aliyejikojolea, koti limelowa, analia bila sauti, na mimi mwenyewe uso wangu ulikuwa maji.

"Umemaliza," akasema. "Ndugu yangu, umemaliza. Sasa tunyanyuke."

"Mimi nimemaliza," nikamwambia. "Ekal bado."

Fimbo akaiweka chini. Zeinab alikuja na jagi na beseni, akasimama juu yetu, akatazama ule ubavu mmoja katikati ya sinia tupu.

"Abti, niondoe?"

"Acha kwanza," nikasema. "Tunamngoja mtu."